Ng'ombe Wako Atakula Nini Mwezi wa Septemba?

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa Shinyanga, Kahama, Bukombe au Geita, huna haja ya kufundishwa jinsi mwezi wa Septemba ulivyo. Mvua zimekoma siku nyingi. Mabua yaliyobaki shambani yamekwisha kuliwa, vumbi limetanda njiani, na malisho ya wote yamebaki udongo mtupu. Ng'ombe wanakwenda mbali kutafuta majani na maji, na jioni wanarudi wamechoka kuliko walivyotoka. Maziwa ya watoto yamekatika. Kisha mvua za Novemba zinapoanza kudondoka, maksai wa kukokota plau hawana nguvu, nawe unachelewa kulima. Mwaka ujao nyumba ina njaa, na njaa hiyo ilianza siku ile majani yalipokwisha.

Basi swali tuliloliweka juu ya ukurasa huu si dogo. Ng'ombe wako atakula nini mwezi wa Septemba? Atakayelijibu vema amejibu pia swali la kuni za mama, la fito za nyumba, la rutuba ya shamba, na la sare na madaftari ya mtoto. Na jibu lenyewe, ingawa laweza kumshangaza mfugaji, ni mti.

Najua utasema, "Mti na ng'ombe havikai pamoja. Ng'ombe hula mche, na mti huvuta maji ya mahindi." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ngoja kwanza. Hapa hapa kwetu Usukumani limefanyika jambo ambalo watu wa nchi nyingi wamekuja kulitazama, na yafaa sisi wenyewe tulijue vizuri, maana tusipolijua tutalipoteza.

JINSI MITI ILIVYOTOWEKA

Wazee wetu hawakukata miti kwa ujinga. Walikuwa na sababu. Mwanzoni mwa karne iliyopita mapori ya Shinyanga yalijaa mbung'o, wanaoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Katika miaka ya 1920 watu kwa maelfu, wakiongozwa na watemi wao, walitoka na mashoka kufyeka pori. Mtaalamu mmoja Mwingereza, jina lake Charles Swynnerton, ndiye aliyeiongoza idara ya uchunguzi wa mbung'o iliyokuwa na makao yake Shinyanga. Kazi ile iliokoa ng'ombe wengi na watu wengi. Hatuwezi kuwalaumu walioifanya.

Walakini shoka lilipokwisha kuanza halikujua mahali pa kukoma. Pamba ilipata soko, na kila familia ikataka shamba kubwa zaidi. Ng'ombe wakaongezeka katika malisho yanayopungua. Almasi ilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940, watu wakaja kutafuta kazi, nao walihitaji nyumba na kuni. Kisha katika miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Familia zilihamishwa kutoka maeneo yao ya zamani zikakaa pamoja, na vipande vya malisho walivyovitunza babu zao vikabaki nyuma bila mwenyewe. Na mali isiyo na mwenyewe, kila mtu huichukua.

Ikafika miaka ya 1980, nchi ikawa wazi kama uwanja wa mpira. Akina mama walitembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni, na waliokosa walipika kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe. Fikiri kidogo maana yake: mbolea ambayo ingekwenda shambani ilikwenda jikoni. Kwa hiyo kukosekana kwa mti kulipunguza mtama, na mtama ulipopungua watu walifungua mashamba mapya na kukata miti iliyosalia. Tatizo lilikuwa likijilisha lenyewe.

Mwalimu Nyerere alipozuru Shinyanga mwaka 1984 alisikitika sana kuona hali ile. Watu walikuwa wakiuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukisaidiwa na serikali ya Norwei.

MICHE PEKE YAKE HAIKUTOSHA

Ungekuwa wewe, ungeanza wapi? Bila shaka ungeanza na bustani ya miche, na ndivyo HASHI walivyoanza. Miche ilioteshwa katika vitalu vikubwa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ikagawiwa kwa watu. Lakini mche mdogo katika nchi ya Shinyanga una maadui wengi: jua la miezi sita, mchwa, na mbuzi. Na kuna adui mwingine asiyeonekana. Mti uliooteshwa na mtu mwingine, ukachaguliwa na mtu mwingine, machoni pa mkulima ni mti wa serikali. Nani atauchotea maji wakati watoto wake hawana ya kunywa?

Njia ya amri nayo ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Watu walipewa sheria nyingi za kulima matuta na kupunguza ng'ombe. Waliona ni mzigo, wakapinga, na katika miaka ya 1950 mpango ukafifia. Na huko Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliamriwa kuondoka katika nchi iliyomomonyoka. Ni kweli, majani na miti ilirudi. Lakini watu walibaki bila maziwa, bila samadi na bila maksai, na miaka ilipita kabla ya kuruhusiwa kufuga tena, tena kwa ng'ombe wa kufungiwa zizini.

Msukuma bila ng'ombe? Ni nani angelikubali jambo hilo? Kwa hiyo ilitakiwa njia nyingine, ambayo mti utarudi na ng'ombe atabaki.

WAZEE WALIKUWA NAYO NJIA

Njia hiyo haikutoka Ulaya. Ilikuwa imelala katika kumbukumbu za wazee, na jina lake ni ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa. Mvua zinapoanza, hapo Novemba au Desemba, mwenyewe hukiacha bila kuingiza ng'ombe. Majani humea, hukua, hutoa mbegu, kisha hukauka yakiwa yamesimama, kama akiba iliyomo ghalani. Mwezi wa Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokwisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo. Kwanza huingia ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaolima. Hakuna ua wa waya. Ua wake ni makubaliano ya watu. Kila jirani ajua mpaka uko wapi, na anayeuvuka hujibu mbele ya wenzake.

Maofisa wa HASHI walifanya jambo la busara: waliwasikiliza wazee. Waliona kwamba mahali palipofungwa ili majani yamee, miti nayo inachipua yenyewe. Maana chini ya ile nchi iliyoonekana imekufa, visiki na mizizi ya migunga na miti mingine ya kwetu ilikuwa hai, ikingoja tu kupumzishwa jino la mbuzi na panga la mpita njia. Mti wa namna hii hauhitaji kuchotewa maji, kwa sababu mizizi yake ilikwisha kushuka chini miaka mingi.

Basi kazi ikageuka. Mikutano ya vijiji ilipanga maeneo ya kufunga. Dagashida, lile baraza la kale la Wasukuma, liliketi na kutoa hukumu juu ya waliovunja makubaliano, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwaka 2003 vilihesabiwa vijiji 172 tu kati ya vijiji 833 vya mkoa wote kama ulivyokuwa wakati ule. Humo zilikutwa ngitili 18,607 zenye hekta 78,122. Kati ya hizo, 284 zilikuwa za jumuiya kama kijiji na shule, nyingine zote zilikuwa za familia. Wataalamu walipokisia mkoa mzima walipata hekta zaidi ya 300,000.

Soma tena hesabu hiyo, msomaji. Kutoka 600 mpaka zaidi ya 300,000, bila kumfukuza ng'ombe hata mmoja.

Na usidhani ni Shinyanga peke yake. Huko Niger, nchi yenye ukame kuliko yetu, katika mwaka 1983 mmisionari kutoka Australia aitwaye Tony Rinaudo, akiwa amechoka kuona miche yake inakufa, aligundua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani havikuwa vichaka, ila visiki hai vya miti iliyokatwa. Wakulima walianza kuvipogoa na kuvitunza, na leo nchi iliyorudishwa miti kwa njia hiyo imepita hekta milioni 5. Hapa Tanzania, watu wa Dodoma wanaifahamu njia hiyo kwa jina la kisiki hai.

FAIDA INAYOHESABIKA

Mfugaji ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Baada ya HASHI kumaliza kazi yake mwaka 2004, ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa pamoja na Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Waliona kwamba vitu vinavyotoka katika ngitili, kama vile majani, kuni, nguzo, fito, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga, matunda na mboga, vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo huo matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba katika Tanzania yalikuwa dola 8 na senti 50 kwa mwezi. Si kwamba fedha hizo zote zilishikwa mkononi. Sehemu kubwa ni vitu vilivyotumika nyumbani. Lakini kitu ambacho hukukinunua ni fedha ambayo hukuitoa.

Mama msomaji, yako pia yalihesabiwa. Mahali ngitili iliporudi, muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 mpaka 6 kila safari, na wa kuchota maji kwa saa 1 mpaka 2. Saa hizo zilikuwa zimepotea njiani. Sasa zimerudi shambani, sokoni, na kwa mtoto wa kike zimerudi darasani.

Wachunguzi hawakuficha hasara. Miti iliporudi, ndege wa aina 145 walionekana, na wanyama nao wakaja: fisi wa kula mbuzi, na ndege na nyani wa kula mazao. Hasara hiyo ilikisiwa kuwa dola 63 kwa familia kwa mwaka. Ni hasara ya kweli, lakini ukiilinganisha na faida ni ndogo, na afadhali kuijua mapema kuliko kuona kwamba ulidanganywa.

MTI NDANI YA SHAMBA

Ngitili ni mti pamoja na ng'ombe. Je, mti pamoja na jembe? Maofisa wa kilimo wana jina lao, kilimo mseto, yaani kuchanganya katika ardhi moja miti, mazao na mifugo. Maana yake si kutupa miti ovyo katikati ya mahindi. Kila mti una mahali pake na kazi yake.

Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, pamoja na wenzao wa Tanzania, walijaribu huko Shinyanga na Tabora kitu tunachoweza kukiita shamba la miti la zamu. Mkulima hupanda miti inayokua haraka pamoja na mahindi. Kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza huvuna mahindi kama kawaida, na palizi ya mahindi ndiyo palizi ya miti. Kisha miti inapoanza kuyafunika mazao, huacha kulima hapo. Majani humea chini ya miti, na ng'ombe huweza kulishwa. Baada ya miaka mitano hivi miti hukatwa, nguzo na kuni huuzwa au kutumika nyumbani, na mahindi hupandwa tena katikati ya visiki. Udongo umepumzika, majani yaliyoanguka yameoza, na mahindi hustawi kuliko katika shamba lililolimwa mfululizo bila mbolea. Visiki navyo huchipua, na zamu huanza upya.

Jamii ya migunga, lusina na glirisidia ina siri nyingine. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vidogo sana vya udongoni ambavyo hukamata naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa hiyo majani yake ni mbolea shambani, na ni lishe nzuri kwa ng'ombe wa maziwa. Lakini angalia: lusina isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe, maana ikizidi humdhuru.

DHAHABU NA MATIMBA

Sasa tugeuke upande wa magharibi. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ulipoundwa, wilaya ya Bukombe ilitoka Shinyanga ikaingia huko. Basi ngitili na dhahabu leo ni majirani katika mkoa mmoja, na hapo ndipo penye jaribu kubwa la siku hizi.

Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, una mitambo yake. Anayekuja kugonga hodi kwa mkulima ni mnunuzi wa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko. Kila duara linalochimbwa huhitaji matimba, yaani magogo ya kukinga kuta zisiporomoke. Matimba huoza, na mengine huhitajika. Tena palipo na dhahabu hukusanyika watu wengi kwa siku chache, na wote hupika, kwa hiyo mkaa una bei. Mwenye ngitili ya miaka kumi na mitano huambiwa, "Mzee, nipe hii miti yote leo, fedha hizi hapa."

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mchimbaji. Anatafuta riziki kama wewe, na timba ni uhai wake. Mwezi wa Oktoba 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, mgodi uliporomoka ukafukia watu, na baadhi yao walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 ardhini. Ni nani atakayethubutu kumwambia mtu kama huyo asitafute magogo?

Wala tusimlaumu mkulima mwenye mgonjwa hospitalini anayeuza miti yake. Kosa lipo katika namna ya kuuza. Ukikata yote kwa siku moja, umeuza ng'ombe pamoja na zizi. Fedha itakwisha kabla ya mwaka, na Septemba itakuja kama kawaida. Ukigawa kipande chako mara tano, ukakata fungu moja kila mwaka na kulifunga tena lichipue, utakuwa na kitu cha kuuza kila mwaka maisha yako yote. Geita hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga, na miti hukua upesi zaidi. Mkulima wa Geita aliye karibu na machimbo ana soko la nguzo mlangoni pake. Kwa nini asipande matimba kama anavyopanda mahindi? Kila timba linalotoka shambani mwako ni timba moja lisilotoka katika msitu wa hifadhi.

NA ASIYE NA NG'OMBE?

Kuna jambo moja ambalo wenye mali hawapendi kulisikia. Ngitili za familia ni za wenye ardhi, na majani yake huliwa na ng'ombe wa wenye ng'ombe. Kadiri eneo linalofungwa linavyoongezeka, ndivyo malisho na kuni za wote zinavyopungua. Mjane asiye na kipande anaenda wapi? Na familia maskini, njaa inapobana, huuza ngitili yake kwa tajiri, na haiipati tena.

Kwa sababu hiyo kijiji chenye busara hakiachi kila kitu kuwa cha mtu mmoja mmoja. Huweka ngitili ya kijiji au ya shule, hupanga siku za kuokota kuni kavu, siku za kukata nyasi za kuezekea, na haki ya yule asiye na ng'ombe kuuza nyasi alizokata. Makubaliano ndiyo ua wa ngitili, na mtu anayebaki nje daima, bila fungu lolote, hana sababu ya kuulinda ua huo. Atauvunja usiku.

Sheria nazo zipo za kutumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila, nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume juu ya ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Baba mwenye ngitili, andikisha mali yako, na jina la mkeo liwemo. Wako wengi waliotunza miti miaka ishirini, na juma moja baada ya matanga ndugu wakaigawana na kuikata, mjane akitazama.

UANZE HIVI

Usingoje mradi. Mambo yafuatayo yaweza kufanywa na mtu mwenye jembe, panga na ndimi ya kusema na jirani.

1. Chagua kipande kimoja, hata kama ni nusu ekari, chenye visiki na majani. Sema na majirani kwanza, kisha mwenyekiti wa kitongoji na serikali ya kijiji. Onyesha mipaka kabla ya mvua. Kufunga bila kusema na watu ni kuanzisha ugomvi.

2. Tazama visiki. Kila kisiki hai kina vichipukizi vingi vinavyogombana. Acha vitatu mpaka vitano vilivyonyooka na vyenye nguvu, vingine kata. Pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Rudi baada ya miezi michache ukaondoe vinavyochipua tena.

3. Fungua kwa kiasi. Ng'ombe wasiingie kabla majani hayajatoa mbegu, na waondolewe kabla udongo haujabaki mtupu. Mwaka wa kwanza usiwe na haraka, na mbuzi wakae mbali na vichipukizi.

4. Mpakani panda minyaa, kama wazee wetu walivyofanya, uwe ukuta usioliwa na ng'ombe. Lakini angalia utomvu wake usiingie machoni, maana ni mkali sana. Karibu na nyumba panda mwembe kwa matunda na mwarobaini au mjohoro kwa kivuli na nguzo.

5. Ukitaka shamba la miti la zamu, anza na robo ekari ndani ya mahindi. Mikaratusi usiipande kando ya kisima wala katikati ya mazao, maana hunywa maji mengi.

6. Kabla ya kuuza magogo au mkaa, uliza kijijini na kwa ofisa wa misitu habari za kibali, hata kama miti ni yako. Mzigo ukikamatwa njiani, faida yote inakwenda.

7. Linda moto. Majani makavu ya Agosti yanangoja njiti moja tu. Lima mkanda wa wazi kuzunguka kipande chako mara mvua zinapokoma.

Ndugu msomaji, HASHI haipo tena. Magari yake hayapiti, na maofisa wake wamestaafu. Kilichobaki ni makubaliano tu, na makubaliano hayana nguvu kupita watu waliokubaliana. Watoto waliozaliwa mwaka 1986, mradi ulipoanza, leo ni watu wazima wenye watoto. Wengi wao hawakuiona ile nchi tupu, hawakuonja ugali uliopikwa kwa mavi ya ng'ombe, na kwa hiyo wanaona miti ile kama kitu kilichokuwapo siku zote. Waambie. Wapeleke wakaone mpaka wa ngitili na kuujua, kama unavyowaonyesha mpaka wa shamba.

Mvua za Novemba hazitachelewa kwa sababu yako. Juma hili, jioni moja baada ya ng'ombe kuingia zizini, keti na mama watoto na vijana wako, mchague kipande. Asubuhi yake nenda kwa jirani.